Daftari Kwanza, Saruji Baadaye

Sanamu ya Askari pale Samora na Azikiwe, Dar es Salaam, iliwekwa mwaka 1927. Maandishi ya chini yake yanawataja askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, na wapagazi waliowabebea chakula na risasi. Yanawataja kwa jumla. Hakuna jina hata moja. Nairobi na Mombasa zina sanamu za ukumbusho huohuo, na huko nako ni vivyo hivyo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakiutumikia upande wa Uingereza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Shaba ilipatikana, msanii alipatikana. Kilichokosekana ni orodha.

Ukoo, kijiji au kikundi kinachotaka kuwajengea wazee wake ukumbusho leo, wawe wapagazi wa vita ile au watu wa Vita vya Majimaji, kianzie hapo kwenye orodha. Kwa kawaida tunaanzia kwingine. Kikao cha kwanza kinaunda kamati, cha pili kinachangisha saruji, cha tatu kinabishania rangi ya mnara, na majina yanatafutwa wiki moja kabla ya mgeni rasmi kufika. Matokeo yake ni mnara mzuri ulioandikwa "Mashujaa Wetu", ambao mtoto wa shule akiulizia ni akina nani, hapati jibu.

Kwa hiyo nunueni kaunta buku, lile nene la kwaya tatu, na muweke kando habari za mafundi kwa miezi kadhaa.

Kila mtu apewe ukurasa wake. Juu andikeni jina kama lilivyotamkwa na msimulizi, hata kama mnadhani limekosewa. Chini yake ukoo, kitongoji, aliondokaje, nani alibaki nyuma yake. Mwisho andikeni nani kasimulia, lini, na yeye alisikia kwa nani. Mstari huo wa mwisho ndio unaorukwa na wengi, na ndio utakaowaokoa siku ndugu wawili watakapokuja na habari mbili. Zikitokea habari mbili, ziandikeni zote. Kazi ya daftari si kuamua kesi.

Maswali nayo yana namna yake. Ukimwuliza bibi, "Katika ukoo wetu nani walikufa vitani?" atakutajia wawili watatu, walewale wanaojulikana na kila mtu. Muulize nani aliondoka hakurudi. Muulize mke wa nani alirithiwa, na ilikuwaje akarithiwa. Shamba la ng'ambo ya mto lilikuwa la nani kabla halijawa la babu? Na wewe, bibi, jina lako ulipewa la nani? Hilo la mwisho hufungua mengi, maana katika makabila yetu mengi jina la aliyekufa hurudishwa kwa mjukuu, na pamoja na jina huja kisa chake. Wanawake wasiachwe mwisho. Wao ndio waliobaki na mashamba na watoto wakati wanaume wanaswagwa kwenda kubeba mizigo, na habari za nyumbani wamezirithishana wao kwa wao, jikoni na msibani. Kamati ya wanaume watano inayohoji wazee wa kiume tu itapata habari za mapigano na kukosa habari za njaa.

Usimdai mzee mwaka. Mpe tukio. Ugogo, kwa mfano, njaa kubwa ya Mtunya iliua watu kwa maelfu kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wenye nguvu. Mzee akikuambia kwamba baba wa bibi yake aliondoka Mtunya ikiwa bado haijaingia, amekupa tarehe, tena nzuri kuliko ambayo angeibahatisha ili kukuridhisha wewe mwenye kalamu. Kila sehemu ina vipimo vyake: njaa, nzige, ugonjwa wa mafua wa 1918, kuhamishwa kwa boma. Viorodhesheni kwanza, ndipo muanze kuhoji.

Simu inarekodi vizuri, lakini omba ruhusa. Mwanzo wa kila rekodi taja jina la msimulizi, mahali na tarehe, halafu siku hiyohiyo ihamishieni kwenye kompyuta ya shule au ya kijana mmoja mwaminifu. Simu huibwa na hutumbukia majini. Zaidi ya yote huuzwa.

Mkishapata majina thelathini au arobaini, nendeni kwenye karatasi. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina mafaili ya utawala wa Kijerumani na ya Waingereza, yakiwemo madaftari ya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika habari za machifu, koo na matukio ya maeneo yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya utafiti mkubwa wa Majimaji mwaka 1968 na 1969. Wanafunzi walitumwa kwao kuhoji wazee waliokuwa bado hai, na mahojiano hayo yaliandikwa na kuhifadhiwa. Inawezekana kabisa babu yenu alihojiwa. Ulizeni pia parokia. Misheni kama Peramiho, iliyoanzishwa 1898, ziliandika ubatizo, ndoa na vifo, na padri akiandikiwa barua ya heshima inayotaja jina na miaka mnayoitafuta, mara nyingi hufungua kabati. Barua inayosema tu "tunaomba historia ya kijiji chetu" haimsaidii.

Angalizo moja kuhusu tahajia. Mjerumani aliandika alivyosikia, kwa herufi zake. "Ch" ilikuwa "tsch", "sh" ikawa "sch", na Songea huonekana kama "Ssongea". Chifu Chabruma, aliyepigana hadi akakimbilia Msumbiji, mtamkuta kama "Schabruma". Andikeni kila jina kwa namna tatu nne kabla ya kukata tamaa. Na kama mna kijana wenu Berlin au Hamburg anayetuma mchango kila mkiomba, mpeni kazi ya maana zaidi: nyaraka za wizara ya makoloni ya Ujerumani ziko kwenye hifadhi ya taifa ya huko, sehemu kubwa imewekwa kwenye intaneti bila malipo, na anayesoma Kijerumani anaweza kuzipekua jioni akiwa kwake.

Faida ya kazi hii imeonekana hivi karibuni. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin inayotunza zaidi ya mafuvu 1,000 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa watu watatu. Mmojawapo alikuwa Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Maabara ilifanya yake, lakini maabara isingekuwa na cha kulinganisha kama zisingekuwepo familia za Kilimanjaro zinazojua zimetoka kwa nani, zikakubali kutoa mate. Ukoo usiojua nasaba yake hata fuvu likirudi halitapata wa kulipokea.

Sasa ugomvi. Hakuna kamati ya ukumbusho isiyofika mahali pa kuulizana nani aingie na nani asiingie. Huyu alikuwa rugaruga, mpiganaji msaidizi, wa Wajerumani. Yule aliwaonyesha askari njia. Wa tatu alikuwa askari wa Mjerumani na ndugu yake tumbo moja alikunywa maji ya dawa ya Kinjikitile, mganga wa Majimaji. Ushauri wangu, na najua wapo watakaoukataa: anayeingia ni kila aliyekufa kwa sababu ya vita, na neno "shujaa" lisiwekwe mbele ya jina la mtu mmoja mmoja. Nina sababu. Takwimu za Wajerumani wenyewe zilitaja vifo 75,000 katika Majimaji, na wanahistoria waliofuata wamekadiria hadi 250,000 au 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Jeshi la Gavana Götzen lilichoma vijiji, likateketeza maghala na kuzuia watu kulima, wakafa kwa njaa, na wa kwanza ni watoto na wazee. Mkiandika waliokufa na mkuki mkononi peke yao, mnara wenu utakuwa umeacha sehemu kubwa ya msiba nje. Songea inamkumbuka Mkomanile, kiongozi mwanamke aliyenyongwa pamoja na manduna, wakuu wa Wangoni, wakati wa vita vile. Ulizeni na kwenu alikuwepo nani wa namna yake.

Kuhusu aliyewasaliti watu, kama habari zake ni za hakika, zibaki kwenye daftari pamoja na jina la msimulizi. Wajukuu zake wanaishi nyumba ya tatu kutoka kwako na hawakutenda kosa.

Ardhi ndiyo inayoua kumbukumbu nyingi. Mnara unajengwa kwenye kiwanja cha mzee fulani aliyejitolea kwa roho safi. Anafariki, watoto wanauza, mnunuzi anaweka uzio. Kwa kijiji cha Tanzania njia ni hii. Andikeni barua kwa halmashauri ya kijiji kupitia mtendaji, mkieleza eneo, ukubwa na matumizi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, kwa hiyo ajenda hiyo lazima ifike mkutanoni na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari. Ombeni nakala ya muhtasari huo yenye sahihi na muhuri. Kijiji kikiwa na mpango wa matumizi ya ardhi, eneo lionyeshwe kwenye ramani yake kama eneo la ukumbusho. Msikubali maneno ya "jengeni tu, tutayamaliza".

Pia pimeni umbali kutoka barabarani. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na alama nyekundu ya X haichagui kati ya banda la chipsi na mnara wa mababu.

Mkichagua mahali penye makaburi ya zamani, au mkiambiwa na wazee kwamba hapo watu walizikwa kwa pamoja, jembe lisiguse. Toeni taarifa kwa uongozi wa wilaya na Idara ya Mambo ya Kale, na wazee wa mila na viongozi wa dini wakae pamoja kabla ya lolote kufanyika. Jengeni pembeni. Songea kaburi la halaiki la walionyongwa 1906 limehifadhiwa, na Nduna Songea Mbano ana lake peke yake, huku kichwa chake kikiaminika kuwa kilipelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokwenda huko kuomba msamaha tarehe 1 Novemba 2023, familia ya Mbano ilikuwa na mahali pa kumpeleka. Hapangekuwepo kama makaburi yale yangechimbwachimbwa na kila mwenye shauku.

Mnara wenyewe sina mengi ya kuusemea. Msingi uchimbwe hadi udongo mgumu, zege lisilo la kubana saruji, na maji ya mvua yatafutiwe njia. Maandishi ya rangi hufifia baada ya misimu michache tu, na vibao vya shaba au aluminiamu huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Majina yachongwe kwenye graniti au kwenye zege lenyewe, kwa herufi ambazo bibi mwenye macho ya miaka sabini ataziona akiwa amesimama. Kabla fundi hajachonga, orodha isomwe hadharani mara mbili, kwa siku tofauti, ili kila familia isahihishe jina lake. Na muache nafasi wazi chini. Majina mengine yatakuja baada ya uzinduzi, na mengi yatakuja kwa sababu ya uzinduzi. Mnara mfupi wenye majina sitini unashinda mnara mrefu wenye nyota juu.

Fedha zipite kwenye akaunti yenye watia sahihi watatu wasio wa nyumba moja, na hesabu zibandikwe ubao wa matangazo wa kijiji. Kamati isiyoweza kueleza mifuko kumi ya saruji imekwenda wapi haina uso wa kumuuliza mtendaji habari za ushuru wa korosho.

Na kuuliza huko ndiko nilikotaka tufike. Turudi kwenye walichokikataa watu wa Majimaji. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba kwa sababu walikuwa wakilazimishwa kuilima chini ya maakida, wasimamizi wa serikali ya Wajerumani, na viboko vyao, mashamba yao wenyewe yakilala, kwa ujira ambao kwingine watu walikataa hata kuupokea. Wapagazi wa vita iliyofuata walichukuliwa kwa nguvu, na mishahara ya maelfu waliokufa njiani haikuwafikia jamaa zao. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba majina yao yalikuwa yameandikwa ovyo. Kazi ilichukuliwa, mali ilichukuliwa, na hapakuwa na mahali pa kuuliza. Mjukuu wa watu hao leo anapo mahali pa kuuliza, ila mara nyingi haendi.

Mkutano mkuu wa kijiji una wajumbe ambao ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Unatakiwa ukutane kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe hapo. Kwa hiyo ifungeni siku yenu ya kumbukumbu na kalenda hiyo. Songea huwaadhimisha mashujaa wa Majimaji mwishoni mwa Februari, kwa ngoma ya lizombe na ibada, na wakati huo taarifa ya robo ya Oktoba hadi Desemba inapaswa kuwa tayari. Wanaowakumbuka wapagazi wanaweza kuchukua 25 Novemba, siku ambayo Jenerali von Lettow-Vorbeck wa jeshi la Ujerumani alisalimisha silaha kule Mbala, Zambia ya leo, mwaka 1918; wakati huo robo ya kwanza ya mwaka wa fedha huwa imekwisha kufungwa Septemba. Asubuhi majina yasomwe na vijana, dua na sala zifanyike, ngoma ichezwe, watu wale. Wiki hiyohiyo mwenyekiti aombwe kuitisha mkutano. Watu wa mjini wamekuja, wazee wametoka, hakuna wakati mzuri zaidi wa kupata akidi. Siku ya majina yenyewe mwanasiasa asipewe kipaza sauti; kama ni mzaliwa, asome jina la babu yake na kuketi.

Mkutanoni msisubiri "mengineyo". Wakati huo nusu ya watu wamekwisha kuondoka na mwenyekiti anatazama saa. Siku saba kabla, mpelekeeni mtendaji barua ya kuomba hoja yenu iingizwe kwenye ajenda. Iwe hoja moja, yenye tarakimu: ushuru wa mazao wa robo iliyopita ulikusanywa kiasi gani, kijiji kilirudishiwa kiasi gani, kimetumika wapi. Swali la jumla kama "fedha zetu zinakwenda wapi?" hupigiwa makofi na halijibiwi. Aulize mtu mmoja, kwa adabu, asimame wa pili aombe jibu liandikwe kwenye muhtasari pamoja na tarehe ya utekelezaji. Mkutano unaofuata muanze na "yatokanayo", na mtu yuleyule asome alichoahidiwa. Wanaofanya hivi mwaka mzima hupachikwa jina la wakorofi kwa mikutano miwili ya mwanzo. Mkutano wa tatu mtendaji huja na karatasi zake zimepangwa.

Shule isisahaulike. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lipo kwenye mtaala, na mwalimu wa historia anayepewa nakala ya daftari lenu atashukuru, maana vitabu vinamweleza habari za Kinjikitile wa Ngarambe bila kumweleza nani alitoka kitongoji chake. Wanafunzi wanakili, wahoji nyumbani, warudishe majina mapya. Kila jina jipya lisomwe mkutanoni kabla halijachongwa.

Mkutano usipoitishwa miezi mitatu ikapita, andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, diwani na mkurugenzi wa halmashauri. Itajeni tarehe ya mkutano wa mwisho kama ilivyo kwenye muhtasari, ombeni tarehe ya unaofuata, na wakazi watie sahihi kwa majina kamili. Pelekeni kwa mkono. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa palepale mezani, na karani akisema muhuri umefungiwa kabatini, mwambieni mtamsubiri mwenye ufunguo.